Je, wajua kwa nini nyanya hunyauka ilhali udongo umelowa?

Ukipita kwenye bustani za mabondeni Tabora mvua zikiwa zimekolea, huenda ukakuta mnyanya wenye matunda, majani bado ya kijani, lakini umelegea kabisa. Ukishika udongo, umelowa. Mkulima anadhani ni kiu, anaongeza ndoo nyingine. Siku mbili tatu baadaye mmea haunyanyuki tena hata jioni, na wa jirani yake umeanza.

Maji yapo, ila hayapandi. Ugonjwa huu ni mnyauko bakteria. Bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum huingia kupitia vidonda vya mizizi, vilivyoachwa na jembe au minyoo fundo (vijinyoo vya udongoni vinavyotoboa mizizi), au hata pale mzizi mdogo unapochomoza. Huzaliana ndani ya mirija inayopandisha maji na kutoa ute mzito unaoiziba. Mmea unakufa kwa kiu umesimama topeni.

Na unyevu ndio unaomsaidia. Udongo ukikauka, bakteria hawa hupungua. Ukilowa, huogelea katika maji yaliyo kati ya chembe za udongo, wakifuata kemikali zinazotoka mizizini. Maji yakituama, mizizi hukosa hewa na kudhoofika. Yakitiririka, huwabeba kutoka tuta hadi tuta. Joto la nyuzi 30 hadi 35 ndilo linalowastawisha zaidi. Ndoo ile ya ziada, kwa hiyo, ilimhudumia adui.

Kuna kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha ya chini ikiwa ndani ya glasi ya maji safi. Ndani ya dakika chache, nyuzi za rangi ya maziwa zikishuka, hao ndio bakteria. Usinunue dawa ya ukungu, haiwagusi, na mmea ulioshikwa hauponi.

Kwa Tabora kuna jambo zito zaidi: tumbaku nayo hushikwa na ugonjwa huu. Shamba lililotoka tumbaku si pumziko kwa nyanya. Vivyo hivyo viazi mviringo, bilinganya, ngogwe, pilipili, hata mnavu unaojiotea pembeni. Badilisha na mahindi au mtama, na ung'oe mnavu huo.

Inua matuta, chimba mifereji ya kutoa maji, mwagilia kwa kiasi. Mmea mgonjwa ung'olewe pamoja na udongo wake, usitupwe kijitoni ambako wenzako wa chini wanachota maji. Osha jembe kabla ya kuhamia tuta jingine.

Pale ambapo udongo umeshaharibika, baadhi ya wakulima wa Asia hubebesha nyanya juu ya shina la bilinganya sugu: mizizi inakuwa ya bilinganya, matunda yanabaki nyanya. Shina hilo likifukiwa mpaka pale mimea hiyo miwili ilipounganishwa, nyanya huota mizizi yake yenyewe na bakteria hupata mlango.