Drili juu ya lethi si milingi, jamani

Wiki hii pekee ni mara ya tatu. Nahodha anaingia na shafti ya mashua begani, anaiona drili niliyoifunga kwenye keriji, lile gari linaloteleza juu ya lethi, mashine yangu ya kuzungusha chuma na kukichonga, uso unamng'aa: "Ah, fundi, kumbe sasa una milingi! Nikatie kiwei hapa, nangoja." Kiwei ni ule mfereji kwenye shafti wa kukaa kii, kipande cha chuma kinachoifunga shafti na propela zizunguke pamoja.

Hapana ami, sina milingi, mashine ya kukata chuma kwa ubavu wa kisu kinachozunguka. Nina drili ya mezani ya bei rahisi, imetoka Mombasa kwa basi hadi gati ya Mokowe, ikapanda boti, ikamalizia safari mgongoni kwa punda. Nimeing'oa nguzo na kimeza chake nikabakisha kichwa na mota, nikakilaza juu ya pleti nene ili biti iingie shafti kwa ubavu. Kazi yake ni matundu basi. Tundu la splitipini, tundu la grisi kwenye bushi, matundu manne kuzunguka kola, na yote yanagawanyika sawa kwa sababu shafti imeshikwa na chaki ya lethi, zile taya zake, naigeuza kwa hesabu.

"Lakini si hii inazunguka na milingi nayo inazunguka?" Hapo ndipo naishiwa na subira. Pangaboi pia linazunguka. Chaki ya drili hizi haijafungwa kwa boliti yoyote, imekaa juu ya koni, nyingi ni ya kipimo kiitwacho tepa B16, upande wake mnene kama milimita 16, inashika kwa kubanana tu. Ukisukuma biti ndani ya chuma unazidi kuikaza. Ukikata kwa ubavu endimili, kile kisu cha milingi chenye umbo la biti, inapigapiga na yale meno ya msokoto yanaivuta itoke, koni inalegea taratibu, hujui hujui. Mi nilijaribu, sidanganyi mtu, endimili ya milimita 8, mfereji haujafika hata nusu chaki nzima ikachomoka, ikagonga bedi ya lethi ikaruka hadi mlangoni, na shafti ya watu ikabaki na kovu nikailipa.

Na hata isichomoke, toa ile kwili, bomba linaloshuka na chaki ya drili, sentimita 5 halafu shika chaki uitikise kwa mkono, utaisikia inacheza. Kwa tundu si neno, ukianza na senta drili, kile kibiti kifupi cha kuanzishia tundu, na kwili usiitoe sana biti itafuata njia. Kwa kiwei mchezo huohuo unakupa mfereji mpana kuliko kii, na kii ikianza kugonga mkiwa nje ya mlango wa bahari mtakuja kunitaja mimi.

Ukitaka kiwei kwa lethi fanya hivi, na hii naipenda kuliko milingi za watu wengi. Kwanza toboa tundu pale mfereji utakapoishia, kwa drili hiihii, hio ndio kazi yake. Chomoa plagi ukutani, funga spindo, ile inayozungusha chaki ya lethi, isigeuke, weka tuli, yaani kisu cha lethi, ya upana wa kii kwa ubavu, halafu sukuma keriji kwa mkono mbele, rudi, mbele, rudi, kila safari unakwangua kama 0.05 mm na nyuzi za chuma zinakatikia kwenye lile tundu. Mkono utauma ndio, lakini mfereji unatoka na kuta zilizonyooka. Kama ncha ya shafti ni tepa, yaani imechongoka kama koni, tumia slaidi ya juu, ile ndogo iliyo juu ya keriji, ukiigeuza kwa pembe yake.

La pili, eti senta, yaani biti kuelekea katikati kabisa ya shafti, inapimwa kwa jicho. Jicho lipi? Bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya biti na mgongo wa shafti, taratibu, mota imezimwa. Rula ikisimama wima uko senta. Ikilala juu yake kuelekea shafti, drili iko juu mno, shusha kichwa. Dakika mbili tu, yakhe.

"Stenlesi ni ngumu, ongeza spidi." Ukiongeza unaipika, inazidi kuwa ngumu na biti inaungua. Kwa biti ya kawaida ya HSS, kile chuma kigumu cha kukatia, ya milimita 10, chuma cha kawaida kinataka kama mizunguko 800 kwa dakika, stenlesi nusu yake. Drili nyingi hizi spidi ya chini kabisa ya puli ni mia tano na kitu, kwa hivyo kwa stenlesi mi siendi zaidi ya biti ya 6, na nikishaanza kusukuma sipumziki, ukiiachia biti isuguesugue tu umejiharibia mwenyewe.

Shaba nayo wanasema laini, haina shida. Laini ndio, lakini biti kali inajivuta ndani ghafla, na kwa kichwa kilicholala hivi inakuja na kwili yote. Sugua makali ya biti kidogo kwa jiwe la mafuta yawe bapa, itakwangua badala ya kuchimba. Biti zangu za shaba nimezipaka rangi nyekundu shingoni, usiniazime uende nayo kwenye chuma.