Rama Kizimbani: Ninavyoitazama Awaara

Katika filamu ya Kihindi ya Awaara, iliyotoka mwaka 1951, kuna tukio ambalo mtazamaji asiyeijua Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi kuhusu mfalme Rama na mkewe Sita, hulipita bila kusimama. Leela, mke wa Jaji Raghunath, amerudi nyumbani baada ya kutekwa na jambazi Jagga, naye ni mjamzito. Ndugu wananong'ona, majirani wananong'ona, na mume, ambaye mchana kutwa hukaa mahakamani akipima ushahidi wa watu wengine, usiku anashindwa kuupima ushahidi wa mkewe mwenyewe. Shaka inapoendelea kumla, tunaoneshwa kundi la waimbaji wa mtaani, na wimbo wao unasema kwamba binti kipenzi wa Janaka alibebeshwa dhuluma nzito. Leela anafukuzwa, na mtoto wake anazaliwa barabarani, usiku, mvua ikinyesha.

Nimefundisha fasihi ya kale ya Kihindi kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu huwaanzishia hapa, kwenye wimbo huu, kabla hawajafungua kitabu chochote. Mtazamaji wa Bombay au Varanasi hakuhitaji kuelezwa binti wa Janaka ni nani. Ni Sita. Wala hakuhitaji kuelezwa jina la jaji: Raghunath maana yake ni bwana wa ukoo wa Raghu, nalo ni mojawapo ya majina ya Rama mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliyeketi kwenye ukumbi wa senema alikuwa akitazama picha mbili kwa wakati mmoja, moja ya mwanasheria tajiri wa zama zake na nyingine ya mfalme wa Ayodhya, na uzito wa ile ya kwanza ulitoka katika ile ya pili.

Ramayana, utenzi wa Valmiki, una beti zipatazo 24,000 katika vitabu saba. Kitabu cha sita kinamalizika kwa furaha: Ravana, mfalme wa mashetani aliyemteka Sita, ameuawa, Sita amepita katika moto mbele ya umati na Agni, mungu wa moto, amemtoa akiwa mzima, Rama ametawazwa. Wataalamu wengi wanaona kwamba kitabu cha saba, kiitwacho Uttarakanda, kiliongezwa baadaye, nami nakubaliana nao, ila siafikiani na wale wanaokipuuza kwa sababu hiyo. Humo Rama anamuuliza mtu wake wa karibu, Bhadra, watu wanasema nini mitaani. Bhadra anajibu kwamba wanamsifu kwa vita alivyopigana, lakini wanajiuliza mfalme anapataje raha kwa mwanamke aliyewahi kupakatwa na Ravana, na wanasema kwamba sasa nao itawabidi kuvumilia mambo ya namna hiyo kwa wake zao, kwa kuwa afanyalo mfalme ndilo raia hufuata. Katika simulizi za baadaye maneno hayo hutoka kinywani mwa dobi mmoja aliyegombana na mkewe, na neno dobi, kama tujuavyo, sisi wenyewe tulilipokea kutoka huko huko.

Rama anajua kwamba mkewe hana hatia. Valmiki halifichi jambo hilo hata kidogo, na ndilo linaloifanya hadithi iwe chungu kiasi hiki. Sita, akiwa mjamzito, alikuwa ameomba kwenda kuwatembelea watawa wanaoishi kando ya mto Ganga, basi Lakshmana, mdogo wake Rama, anaagizwa ampeleke kana kwamba anatimiziwa ombi lake. Anapanda gari la farasi akiwa amechukua nguo na mapambo ya kuwazawadia wake za watawa. Kila ninapofika kwenye nguo zile hunibidi nisome polepole, kwa sababu mwanamke huyu amefungasha zawadi kwa safari ambayo wenzake wote wanajua kuwa ni ya kutupwa.

Kalidasa, mshairi wa kale wa Kisanskriti, aliichukua hadithi hii katika utenzi wake Raghuvamsha, na katika sura ya 14 aliweka neno moja ambalo washairi wa Kisanskriti hawakulisahau. Lakshmana amekwisha kusema ukweli, na Sita, baada ya kuzirai na kuzinduka, anampa ujumbe wa kupeleka. Hasemi «mwambie mume wangu», wala halitaji jina la Rama. Anasema: mwambie yule mfalme, kwa niaba yangu. Kisha anauliza kama kumwacha mtu aliyepita motoni mbele ya macho yako, kwa kusikia tu maneno ya watu, ni jambo linalofanana na ukoo wako. Beti chache baadaye mwanamke huyo huyo anaahidi kwamba akishajifungua atafanya toba ngumu, macho yake yakilielekea jua, ili katika maisha mengine Rama awe mume wake tena na pasiwepo kutengana. Neno «yule mfalme» na ahadi hiyo vinatoka katika kinywa kimoja, na sijaona tafsiri inayoweza kubeba vyote viwili bila kupunguza kimoja.

Bhavabhuti, katika karne ya 8, aliiandikia kisa hiki tamthilia yenye maonyesho saba, na kwa maoni yangu hakuna mwandishi wa kale aliyekaribia senema kuliko yeye. Onyesho la kwanza linawakuta Rama na Sita wakitazama ukuta uliochorwa picha za maisha yao wenyewe: harusi, msitu, kutekwa. Sita anashtuka anapoona picha za mateso yake ya zamani, na Rama anamkumbusha kwamba ni michoro tu. Anachoka, analala juu ya mkono wa mumewe, na hapo mpelelezi anaingia kunong'ona yale yanayosemwa mitaani. Katika onyesho la tatu, miaka imepita, Rama anarudi msituni na kuzimia kwa majonzi, na Sita, ambaye kwa uwezo wa mungu wa mto haonekani na mtu, anamgusa na kumzindua. Rama anaujua mkono ule lakini hamwoni mwenyewe. Sisi watazamaji tunawaona wote wawili, na mbinu hiyo ya kumfanya mtazamaji ajue kile ambacho mhusika hakijui ndiyo ambayo filamu za Kihindi zimeiishi tangu zilipoanza. Katika onyesho la saba Rama anaketi kutazama mchezo ndani ya mchezo, unaoonesha masaibu yaliyompata mkewe baada ya kufukuzwa, na mwisho wake ni Sita halisi kurudishwa kwake. Bhavabhuti alikataa mwisho wa Valmiki, ambapo Sita, akitakiwa athibitishe usafi wake kwa mara nyingine, anaiomba ardhi impokee, nayo inafunguka na kumchukua.

Tulsidas, aliyeanza kuandika Ramcharitmanas yake mwaka 1574, alichagua njia nyingine: katika utenzi wake aliyetekwa na Ravana ni kivuli tu cha Sita, na kisa cha kumfukuza hakikisimulii. Namwelewa, kwani aliandika akimwabudu Rama, lakini kunyamaza kwake kunaonesha kidonda kilikuwa wapi.

Senema ya India ilizaliwa ndani ya urithi huu. Mwaka 1917 Dadasaheb Phalke alitengeneza Lanka Dahan, ambamo mwanamume mmoja, Salunke, alicheza sehemu ya Rama na ya Sita pia. Mwaka 1943 Vijay Bhatt alikileta kisa chenyewe cha kufukuzwa kwa Sita katika Ram Rajya. Awaara ilipotoka miaka minane baadaye, watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kuuona msitu, gari la farasi na wana mapacha wa Sita wanaomwimbia baba yao hadithi ya maisha yake bila kumjua.

Kilichofanywa na Raj Kapoor, mwongozaji wa Awaara, pamoja na waandishi wake Khwaja Ahmad Abbas na V. P. Sathe, ni kukihamisha kisa hicho mahakamani. Filamu inaanza kwa kesi. Raj, yule mtoto wa Leela, sasa kijana aliyekulia katika vibanda vya Bombay, anashtakiwa kwa kujaribu kumuua Jaji Raghunath, na wakili wake ni Rita, msichana aliyelelewa na jaji huyo huyo. Swali la kwanza zito halimwendei mshtakiwa. Linamwendea jaji, aliyesimama kutoa ushahidi, kuhusu mke aliyemfukuza. Katika Valmiki aliyetakiwa kujieleza mbele ya baraza ni Sita, mara mbili. Hapa, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya katiba ya jamhuri mpya kuanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, anayetakiwa kujieleza ni Rama, na anayemhoji ni mwanamke mwenye joho la uwakili. Sidhani kwamba jambo hilo lilitokea kwa bahati. Hata uchaguzi wa waigizaji unalizidishia uzito, kwa kuwa jaji anachezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, Raj mtu mzima anachezwa na Raj Kapoor mwenyewe, na Raj akiwa mtoto anachezwa na Shashi, mdogo wake Raj Kapoor, kiasi kwamba baba na wana wanaotazamana pale ni baba na wana kwelikweli.

Waandishi waliongeza kitu kimoja ambacho tenzi hazina. Raghunath anaamini kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa imani hiyo aliwahi kumtia hatiani Jagga, si kwa ushahidi bali kwa kuwa baba yake alikuwa mhalifu. Jagga analipiza kisasi kwa kumteka Leela, lakini anapogundua kwamba ni mjamzito anamrudisha bila kumgusa, akijua kwamba walimwengu wataimalizia kazi. Anachotaka ni kumlea mtoto wa jaji awe mwizi, ili imani ya jaji imrudie mwenyewe. Mwizi na jaji wanakutana hapo: wote wawili wanategemea midomo ya watu.

Nimetumia neno walimwengu kwa makusudi. Kisanskriti kina neno lake, lokapavada, yaani lawama inayotoka kwa watu kwa jumla, isiyo na msemaji anayeweza kukamatwa na kuhojiwa, na ukimtajia neno hilo mtu aliyelelewa na taarabu hutahitaji kumweleza zaidi, kwa sababu walimwengu wa taarabu ndio hao hao. Naamini hii ni sababu mojawapo iliyoifanya Awaara ipendwe mno Zanzibar na Dar es Salaam katika miaka ya 1950, hata kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Valmiki. Kivuli cha Sita hawakukiona, lakini ukubwa wa dhuluma waliuelewa kwa lugha yao. Marehemu shangazi yangu, aliyeitazama Unguja akiwa msichana, alikuwa akinisimulia picha hiyo kwa kuanzia na mvua, na kila mara alisema kwamba adui wa picha ile si Jagga. «Jagga alimrudisha mtu na heshima yake,» alisema. «Aliyemtupa ni mumewe, kwa maneno ya watu.» Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vingi kabla sijafika pale alipokuwa yeye tangu zamani.

Filamu haimpi Leela kile ambacho Bhavabhuti alimpa Sita. Anagongwa na gari linaloendeshwa na Raghunath mwenyewe, na anakufa. Mapatano yanabaki kuwa ya baba na mwana: Raj anafungwa miaka mitatu, na Raghunath anamfuata gerezani kumwomba radhi, nondo zikiwa kati yao. Kuna wanaouona mwisho huu kuwa mpole kupita kiasi kwa jaji. Kwangu mimi nondo zile zinatosha, kwani zinaweka mpaka palepale ambapo Bhavabhuti aliweka miujiza.

Kabla shangazi hajafariki nilimfasiria sura ile ya Kalidasa, nikafika kwenye ujumbe wa Sita, nikaeleza kwa nini alisema «yule mfalme». Alinyamaza, kisha akauliza mfalme alijibu nini alipoupata. Nikamsomea ubeti unaofuata mbele kidogo, ambapo Rama hajibu lolote. Machozi yanamtoka ghafla, kama mwezi wa kipupwe unaodondosha umande, na mshairi anasema kwamba kwa kuogopa lawama alikuwa amemtoa nyumbani, lakini hakuwa amemtoa moyoni. Shangazi akaniomba niurudie, nami nikaurudia, safari hii kwa Kisanskriti, ili asikie ulivyo.