Kolonoskopi humfaa nani zaidi? Maana ya tija ya kipimo

Tija ya kipimo ni jibu la swali moja: kati ya wote waliofanyiwa, wangapi walikutwa na jambo lililobadilisha matibabu yao? Kwa kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo mpana wote, jibu hubadilika kulingana na sababu iliyoandikwa kwenye karatasi ya rufaa.

Sababu nzito kuliko nyingi ni damu. Mtu wa miaka 55 anayetoa damu chooni, tena choo chake kimebadilika na uzito unapungua, ana haki ya kuwa mbele ya foleni. Tatizo ni kwamba damu mbichi huitwa bawasiri kabla hata mgonjwa hajapimwa. Mara nyingi ni bawasiri kweli, lakini bawasiri haimkingi mtu na saratani ya utumbo mpana. Anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma nao una tija kubwa, hasa kwa mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi, kwa sababu hapo damu inayopotea hutafutwa kwanza tumboni. Kwetu kuna jambo la kuongeza: minyoo ya safura hunyonya damu, na kichocho cha tumbo kinachopatikana kandokando ya Ziwa Victoria huweza kumfanya mtu atoe damu chooni. Kwa hiyo kupima choo na kutibu ni hatua ya busara, mradi isigeuke kisingizio. Upungufu wa damu ukirudi baada ya dawa, kamera ifuate.

Kufunga choo peke yake, bila damu wala upungufu wa damu, hakuna tija kubwa. Saratani hukutwa kwa wagonjwa hao kwa kiwango kisichozidi kile cha watu wasio na dalili yoyote. Maumivu ya tumbo ya muda mrefu kwa kijana ni vivyo hivyo. Kuharisha kwa miezi ni habari nyingine: utumbo unaweza kuonekana mzima kwa macho huku ugonjwa ukionekana kwa darubini tu, hivyo daktari asipochukua vipande vidogo vya kupeleka maabara, safari nzima imekwenda bure.

Wapo pia wanaopimwa wakiwa wazima. Hapa hutafutwa hasa vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, ambavyo baadhi huchukua takriban miaka 10 kugeuka saratani, na hukatwa papo hapo. Utafiti uliofanyika Poland, Norway na Sweden, matokeo yakitolewa 2022, ulionyesha kuwa baada ya miaka 10 saratani ilipatikana kwa asilimia 0.98 ya walioalikwa kupimwa na asilimia 1.20 ya wasioalikwa. Tofauti ni ndogo, ila ni asilimia 42 tu ya walioalikwa waliokwenda.

Uingereza foleni huchujwa kwa kupima kwanza damu isiyoonekana kwenye choo. Mwenye dalili akifikisha mikrogramu 10 kwa kila gramu ya choo, hupewa rufaa ya haraka. Naona huo ni utaratibu mzuri kwa nchi yoyote yenye kamera chache, kwani kipimo hiki si cha mchezo: kuna dawa ya kusafisha tumbo usiku kucha, na mara chache sana utumbo hutoboka. Tena tumbo lisiposafishwa vizuri, hata sababu nzuri ya rufaa haisaidii. Vinyama hufichwa na uchafu.

Mgonjwa naye ana la kumwambia daktari: nani katika familia aliugua, na akiwa na umri gani. Ndugu wa karibu wa aliyegunduliwa na saratani hii kabla ya miaka 60 hushauriwa kuanza akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ule, lolote litakalotangulia. Baba aliyegunduliwa akiwa na miaka 46, mwanawe aanze na 36, hata kama tumbo lake halijawahi kumsumbua.