Dari fupi za meli za kale si kipimo cha urefu wa mabaharia

Ukiingia kwenye meli ya matanga iliyohifadhiwa kama makumbusho, utashuka ngazi, utainama, na huenda ukagonga boriti kwa kichwa. Wengi hutoka humo wakiamini kwamba watu wa zamani walikuwa wafupi mno. Ni wazo linaloeleweka. Kichwa chenyewe kinauma.

Ni kweli walikuwa wafupi kidogo. Wanaume wengi wa Ulaya katika karne ya 18 walikuwa na kimo cha sentimita 165 hadi 170 hivi. Lakini nao waliinama. Sababu kubwa ni uzito. Katika meli za kivita, mizinga ilipangwa kwenye sitaha kadhaa, na kila sitaha ikiinuliwa, uzito hupanda juu na meli huyumba kirahisi. Vasa, meli ya kivita ya Sweden iliyojengwa ikiwa nzito mno sehemu ya juu, ilizama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, hata kabla ya kutoka bandarini. Leo unaweza kuiona Stockholm.

Kulichunguza hili mwenyewe si kazi. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya boriti, kisha hadi kwenye mbao zilizo kati ya boriti, tofauti utaiona. Halafu ingia chumba cha nahodha, ambacho mara nyingi kina dari ya juu zaidi. Nahodha hakuwa jitu. Mifupa na madaftari ya kuandikisha wanajeshi hueleza kimo cha watu vizuri kuliko dari.