Babu zetu walikuwa mawakala?

Mwaka juzi nilimsindikiza mwanafunzi wangu wa uzamivu kwenye redio moja ya jamii huku kusini. Tasnifu yake inahusu Vita vya Majimaji, watu wa kusini walipoupinga utawala wa Mjerumani, na alikuwa amejiandaa kweli: karatasi nne, zimepigwa mistari ya wino mwekundu. Dakika ya tatu akasema utafiti wake unaonesha "uwakala wa wakulima". Mtangazaji akaitikia "naam" kama aliyeelewa. Punde ujumbe ukaingia kwenye simu ya studio: "Muulizeni mgeni, ina maana babu zetu walikuwa mawakala wa Mjerumani?"

Nyuma ya kioo sikujua nicheke au nilie. Alichokusudia ni kinyume chake kabisa, kwamba wakulima wale walijiamulia mambo yao wenyewe. Neno alilichota kwenye vitabu vya Kiingereza, "agency", akalivika kanzu, likaenda kuishia kwenye kibanda cha kutolea pesa. Na ubaya ni kwamba mawakala wa Mjerumani walikuwepo kweli: maakida, waliosimamia kodi na mashamba ya pamba ya lazima. Kwa msikilizaji wa Kilwa lile halikuwa swali la mzaha.

Zamani niliwaambia wanafunzi "rahisisheni". Nimeacha, maana wakirahisisha huanza kuongea na watu wazima kama watoto wa chekechea. Siku hizi namtaka kila mmoja aeleze utafiti wake bila karatasi, kwa sauti ya WhatsApp, dakika mbili, amtumie ndugu asiyesoma historia. Shangazi anafaa zaidi, hana subira. Wengi hukwama, kisha hukisingizia Kiswahili. Ukiwabana kidogo unagundua wazo lenyewe lilikuwa halijawakaa. Istilahi ndiyo iliyokuwa ikiwasitiri.

Huyu wangu sura yake ya kwanza ilianza na "Utafiti huu unachunguza…" Kwa kipindi cha pili tukaanzia Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905, watu wanaingia shambani na kung'oa mipamba. Msikilizaji akishaona mipamba inang'olewa atataka kujua kisa, na hapo kodi, maakida na maji ya Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyewaaminisha watu kwamba dawa yake inazuia risasi, vinaingia vyenyewe.

Tulipobishana hasa ni kwenye idadi ya waliokufa. Wajerumani walikadiria 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alitaja kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi alitaka aseme "watu wengi" apite zake. Nikamkatalia. Mtu anayepiga hesabu ya korosho kila msimu hatishwi na namba. Mpe zote mbili, halafu mweleze kwa nini kuhesabu ni kugumu: wengi hawakufa kwa risasi. Jeshi lilichoma mashamba na maghala ya chakula, njaa ikamaliza kazi, na waliokufa kwa njaa porini nani aliwaandika?

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda kuwahoji wazee walioikumbuka vita ile. Masimulizi yale yanatulisha mpaka leo. Ndiyo maana kwenda redioni nakuona kama kulipa deni, ingawa ukiomba kupandishwa cheo kipindi cha redio hakikusaidii kitu mbele ya makala ya jarida. Hilo nimelalamika mpaka nimechoka.

Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria mapema ni ridhaa. Fomu walizosaini wazee aliowahoji mwanafunzi wangu zilihusu tasnifu. Tasnifu husomwa na watu watano. Redio husikilizwa na wilaya nzima, pamoja na jirani ambaye babu yake alikuwa upande wa akida. Kwa hiyo kabla ya kipindi cha pili mwanafunzi alirudi kwa kila aliyemhoji, akamsomea sehemu yake itakayorushwa. Wawili walikataa kutajwa majina, tukayaondoa. Mzee mwingine alikubali, ila kwa sharti: kipindi kisirushwe alasiri, kirushwe baada ya Isha, wajukuu wake wote wakiwa nyumbani. Redio ikatusogeza hadi saa mbili na nusu usiku.