Nusukaputi si kumlaza mgonjwa tu

“Daktari, mimi nataka kubobea katika upasuaji. Nikikosa, nitaenda nusukaputi, fani ya dawa za usingizi na ganzi.”

Nimeambiwa hivyo tena wiki iliyopita, mlangoni mwa thieta hapa Kisumu, na mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano, mwerevu na mwenye adabu. Hakunikusudia ubaya. Amelishwa na wenzake kwamba daktari wa nusukaputi, kama mimi, hudunga sindano, mgonjwa akalala, kisha akavuta kiti kusubiri wenye kisu wamalize. Nimechoka kuyasikia.

Nilimwita asimame nami kichwani pa mgonjwa. Alikuwa mama wa kujifungua kwa upasuaji, ganzi ya uti wa mgongo. Dawa yenyewe haizidi sana mililita mbili. Punde miguu ikawa mizito, mama akapiga mwayo, akasema roho inamchafuka.

“Unaona nini?” nikamuuliza mwanafunzi. Akatazama mashine. Presha iliyoandikwa pale ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya dakika mbili zilizopita. Mwayo ulikuwa wa sasa. Ganzi hulegeza mishipa, presha ikashuka, huku tumbo la uzazi likiukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Tuliinamisha meza kushoto, tukaongeza kasi ya maji, nikampa fenilefrini, dawa ya kubana mishipa. Mashine ilipopima tena ikasoma 82 juu, na dawa ilikuwa tayari mwilini. Mama akauliza kama ni msichana au mvulana. Wenye kisu hawakuinua macho, na hawakuhitaji kuyainua.

Daktari wa nusukaputi ndiye anayeitwa “mlazaji”. Anayeshindwa na fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) na famakolojia (jinsi dawa zinavyofanya kazi) asije kujificha huku, maana huku ndiko zinakotumika kila dakika. Tume ya jarida la Lancet, mwaka 2015, ilipotaka kila nchi ifikishe angalau wataalamu 20 kwa watu 100,000, iliwahesabu pamoja madaktari wa upasuaji, wa uzazi na wa nusukaputi. Bila mmoja wao, kisu hakishuki.

Na uzushi kuhusu kuchagua fani hauishii hapo. Eti lazima uwe umeamua fani yako kabla ya kuhitimu? Hapana. Una miaka sita ya shahada ya kwanza, halafu mwaka wa mafunzo kazini unaokuzungusha wodi kubwa zote. Shahada ya uzamili huja baadaye. Nawajua walioapa watakuwa madaktari wa watoto, wakabadili nia katikati ya zamu za uzazi.

Eti tiba ya familia ni ya waliokosa pengine? Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kuifundisha katika ngazi ya uzamili mwaka 2005, na daktari wake huko mashinani hutibu sukari asubuhi na kufanya upasuaji wa uzazi jioni.

Eti upasuaji wa mifupa unataka misuli ya mwanamume? Nyonga iliyoteguka hurudishwa kwa mbinu na msaidizi, baada ya sisi kuilegeza misuli ya mgonjwa. Wasichana, msidanganywe.

Ukitaka kujua kama fani inakufaa, usimuulize daktari bingwa saa nne asubuhi akiwa na chai mkononi. Mtafute anayeisomea, saa tisa usiku, uone kama bado ana hamu ya kukueleza.

Yule mwanafunzi anarudi Jumanne. Nimemwambia afike saa moja kasorobo, kabla ya mgonjwa wa kwanza, tukague mashine ya nusukaputi pamoja, mpira wa hewa mmoja mmoja.