Hiyo 4 kwenye karatasi ya majibu ya mtoto, tuiongelee

Wiki kama 3 zilizopita alikuja baba mmoja dirishani pale maabara, mvuvi wa upande wa Kilwa, kaingia Mtwara usiku kwa basi kwa sababu shemeji yake alimwambia huku kuna daktari wa kusoma vinyama, yaani vile vipande vinavyokatwa mwilini vikapimwe. Karatasi ya majibu kaishika mkononi, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Mtoto wake ana mwaka 1 na miezi 8, ameshapasuliwa kichwa Dar, uvimbe umetolewa, na majibu yameandikwa Kiingereza, sasa katika maneno yote yale kitu alichokitambua ni namba. Akaiwekea kidole. "Dokta, hii 4 ndo hatua ya mwisho, si ndiyo? Niambie tu mimi, mama yake bado sijamwambia."

Kaniruhusu niandike, vitu vya kumtambulisha nimevitoa. Naandika manake huyu si wa kwanza. Wazazi wanaikuta hiyo 4, wanaenda kuuliza mtaani, wanaambiwa 4 ndo basi tena, na wengine wanamrudisha mtoto kijijini wakati matibabu hata hayajaanza. Inaniuma sana hii, manake hiyo 4 haisemi wanachodhani inasema.

Ilikuwa daraja. Hatua ni kitu kingine kabisa, hatua unauliza ugonjwa umefika wapi mwilini, na kwa uvimbe wa aina ile, kansa ya ubongo inayoitwa medulablastoma, tunaiandika kwa herufi M: M0 haujasambaa, M1 seli zimeonekana kwenye maji ya uti wa mgongo, M2 na M3 umeshajipandikiza sehemu nyingine za ubongo au kwenye uti wa mgongo wenyewe. Mtoto wake alikuwa M0. Ilikuwa imeandikwa, ila kwenye karatasi ya pili ile ya ruhusa, ambayo hakuna mtu aliyekaa chini akamfungulia.

Daraja lenyewe linasema uvimbe huu ukiachwa bila dawa una tabia gani. Basi. Harvey Cushing na Percival Bailey kule Marekani ndo waliutenga uvimbe huu na kuupa jina mwaka 1925, wakaamini unatokana na seli changa waliyoiita medulablasti, seli ambayo mpaka leo hakuna aliyewahi kuiona, jina tu ndo limebaki. Mwaka 1930 Cushing alitoa hesabu ya wagonjwa wake 61, aliyekuwa hai baada ya miaka 3 ni 1. Ukisoma hesabu ile unaelewa kwa nini medulablastoma zote ni daraja la 4. Sasa kwenye nchi zenye uwezo, mtoto ambaye wake haujasambaa, karibu 8 kati ya 10 wanavuka miaka 5, na kuna kundi linalovuka zaidi ya 9 kati ya 10, na wote hao karatasi zao zimeandikwa 4 vilevile. Daraja haliwezi kukwambia mtoto wako atapona au hatapona, sisi wasomaji wa vinyama tunaangalia kitu kingine zaidi, tunaangalia seli imepevuka kiasi gani.

Huku kusini nikitaka kueleweka haraka nasema hivi: seli nayo ina jando lake. Seli changa ya ubongo kazi yake ni moja, kujigawa, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Afu siku inafika inaambiwa basi, inaacha kujigawa, inahama kwenda mahali pake, inaota nyuzi za kuongea na wenzake, inapewa kazi ya kiutu uzima, na ikishatoka huko hairudi tena utotoni. Seli hiyo ikishakomaa inaitwa nyuroni, na nyuroni haijigawi. Kansa nyingi za ubongo wa watoto zina hii sura, ni seli ambazo zilikuwa njiani kwenda jandoni zikakwama, zikabaki na mwili wa kitoto na mchezo wa kitoto wa kujigawa, tofauti na kansa nyingi za wazee ambazo seli imekaa miaka 40, 50 inachakaa kidogo kidogo.

Na kwa medulablastoma mahali penyewe zinapokwama mara nyingi ni kisogoni, kwenye ubongo mdogo, serebela, ule unaotufanya tusimame bila kuyumba. Kwa uzito ni kama sehemu 1 ya 10 ya ubongo, lakini humo ndani kuna nyuroni karibu bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo wote, nyingi mno ni vinyuroni vidogo vinaitwa seli za punje. Hizo zote lazima zitengenezwe, na kazi hiyo haiishi tumboni kwa mama, mtoto anazaliwa na tabaka la seli changa juu kabisa ya serebela, seli kubwa zilizo chini yake zinaitwa seli za Purkinje zinazipelekea protini moja, SHH, ambayo ni kama sauti inayosema endeleeni, endeleeni. Baadaye zinapevuka, zinashuka ndani, na mtoto wa miaka 2 ukiiangalia serebela yake tabaka lile hulioni tena, wote wameshatoka. Sasa kuna watoto ambao breki ya sauti ile imekatika, jini, yaani maagizo ya urithi ndani ya seli, zinazoitwa PTCH1 au SUFU zimeharibika, seli zinaendelea kusikia endeleeni hata kama hakuna anayesema. Huo ndo uvimbe wa kundi la SHH, na ndo unaokuta sana kwa watoto wachanga kama yule wa Kilwa.

Twende kwenye darubini sasa. Slaidi, kile kioo chenye kipande chembamba cha uvimbe, ikiwa ya medulablastoma ya kawaida ukiiweka unaona bluu tupu, viini vya seli vimebanana kama ufuta uliomwagwa ungoni, punje juu ya punje, nyama ya seli yenyewe huioni kwa ilivyo ndogo. Lakini kuna slaidi nyingine ukiisogeza, katikati ya ile bluu yanatokea maduara meupe, unasogeza tena, jingine, jingine. Kwenye vitabu vyetu yanaitwa visiwa vyeupe. Ndani ya kisiwa seli zimepeana nafasi, viini ni vya mviringo na vimetulia, kati yao kuna nyuzinyuzi laini, na ukitafuta seli inayojigawa unatafuta mpaka jicho linauma. Zile seli zimeanza kuwa nyuroni! Humohumo ndani ya kansa, bila dawa yoyote, zimejaribu kwenda jandoni zenyewe.

Hapo usikimbilie kuandika. Kuna uvimbe una visiwa vya bandia, kwa hiyo unapaka rangi ya fedha inayoonyesha nyuzi za retikulini, na kama ni wenyewe kweli utaona wavu mweusi umezunguka pande zote ila ndani ya visiwa hakuna wavu, peupe. Ukiona hivyo kwa mtoto wa chini ya miaka 3 hiyo ni habari njema, na si ya kumfariji mtu tu. Mwaka 2005 madaktari wa Ujerumani walichapisha matokeo ya watoto wadogo 43 waliotibiwa kwa upasuaji na kemo, yaani dawa za kansa, bila mionzi. Wale 17 ambao uvimbe ulitolewa wote na haukuwa umesambaa, asilimia 93 walikuwa hai baada ya miaka 5, na visiwa ni moja ya vitu vilivyotenganisha waliofanya vizuri na wasiofanya. Mionzi ya kichwa chote na uti wa mgongo kwa mtoto wa umri ule inakula akili yake ya darasani, inakula urefu wake, na kama jini iliyoharibika kazaliwa nayo, ule ugonjwa wa Gorlin, inakuja kumletea kansa za ngozi pale ilipopita. Kwa hiyo visiwa vile vikisomwa vizuri mtoto anaweza kuepushwa na hayo yote. Visipoonekana kwa sababu msomaji alikuwa na haraka, au kinyama kilikuwa kibovu, hapo ndo mtoto analipa.

Upande wa pili kuna anaplasia, seli kubwa kubwa, viini vinagandamizana kama watu kwenye daladala, zinazojigawa zimejaa na zinazokufa zimejaa, mara nyingi jini ya MYC imejizidisha. Hizo zimerudi nyuma kabisa, huwezi hata kusema zilikuwa zinaelekea kuwa nini. Ni mbaya, na sipendi kumdanganya mzazi.

Ila msichukue hii habari ya kupevuka mkaifanya mizani ya kila kitu. Tangu mwaka 2012 medulablastoma inagawanywa makundi 4: WNT, SHH, kundi la 3 na kundi la 4, na linalopona kuliko yote ni WNT, wale wa zaidi ya 9 kati ya 10, wakati ukiziangalia seli zake ni changa tu, bluu tupu, huoni kisiwa wala nini. Kilichogundulika kwenye panya mwaka 2016 ni kwamba uvimbe huo mishipa yake ya damu inavuja, ule ukuta unaozuia dawa zisiingie kwenye ubongo pale haupo, kemo inapita moja kwa moja. Kwa macho yangu peke yangu ningeuweka fungu moja na wengine, inabidi upake antibodi inayoshika protini ya beta-katenini uone kama protini hiyo imeingia ndani ya kiini. Ndo maana mtu akiniuliza kwa simu "dokta seli zimepevuka au hazijapevuka" namwambia niambie kwanza umri, niambie kundi, niambie M ngapi.

Watu wananiuliza pia, kama shida ni seli kukataa kukua, si tuzilazimishe zikue? Swali zuri sana na wakubwa wamelifanyia kazi. Kuna kansa moja ya damu ambayo Wachina wa Shanghai mwaka 1988 walionyesha ukimpa mgonjwa dawa ya ukoo wa vitamini A seli zinapevuka na ugonjwa unatulia, na leo ile kansa wengi wanapona. Basi wakajaribu kwenye medulablastoma yenye hatari zaidi, wakaongeza isotretinoini, ileile inayopewa watu wenye chunusi sugu, matokeo yakatoka mwaka 2021: haikuongeza kitu. Utafiti uleule ukaonyesha kuongeza kaboplatini, dawa ya kemo, wakati wa mionzi kumewasaidia watoto wa kundi la 3, hao tu. Mi naona fundisho lake ni kwamba kujua kundi kunaokoa zaidi kuliko kuwa na dawa mpya kwenye kabati.

Na kundi utalijua vipi kama kinyama kimeharibika? Nimeshapokea vinyama kutoka hospitali moja vimekuja kwenye kichupa cha maji matupu, siku 3 njiani kwenye jua, nikakata nikaona uji, hakuna seli, hakuna kisiwa, hakuna cha kusoma, na huwezi kumfungua mtoto kichwa mara ya pili ili urekebishe kosa la kichupa. Formalini, jamani, ya asilimia 10, mara 10 ya ujazo wa kinyama, papo hapo kinapotoka. Na mzazi, ukipewa rufaa dai slaidi na ile bloku ya nta iliyohifadhi kinyama pamoja na karatasi, bloku inakaa miaka na miaka na inaweza kupimwa upya popote.

Kuhusu dalili sitakaa sana, ila mtoto anayetapika asubuhi asubuhi, kichwa kinauma akiamka halafu kinapoa, anayumba, au mchanga ambaye kichwa kinakua kuliko mwili, na ameshatibiwa malaria mara 2 au 3 bila nafuu, apigwe picha ya kichwa. Na kwa wale wakubwa wanaohitaji mionzi, ianze wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji, mizunguko 30 hivi, kwa hiyo familia ya huku ijipange kuishi Dar kabla, msisubiri korosho ziuzwe.

Yule baba nilimuomba bloku. Akarudi baada ya siku 9, kaifunga kwenye kitambaa cha kanga, kaishika kifuani safari nzima. Nikakata vipande vipya, nikapaka fedha, karatasi yake ilikuwa imesema medulablastoma daraja la 4 na haikusema aina. Visiwa vilikuwepo. Nikaongea na wenzangu wa Dar wanaomtibu, afu nikamwita akae kwenye kiti changu aangalie mwenyewe, kwanza akafumba jicho ambalo siyo, nikamrekebisha, akatulia kama dakika nzima bila kusema.

"Haya meupe?"

"Hayo."

"Mengi," akasema, akatoa simu akampigia mama yake mtoto hapohapo kwenye kiti.